Ule Weusi Chini ya Mlango

Mwanangu Zuhura,

Barua za kwetu huanza kwa kumjulia mtu hali, lakini hali yako naijua. Nakusikia hapo sebuleni unabishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anasema huko uendako Gqeberha kuna upepo wa bahari unaoingia mpaka kwenye mifupa, wewe unasema begi halifungi. Nakuonea huruma. Nimeishi naye miaka yote hii na sikumbuki siku niliyomshinda. Blanketi utalibeba.

Kwa hiyo mambo ya blanketi, ya chakula, ya swala na ya kuchagua marafiki namwachia yeye. Ameshakuambia, na kesho asubuhi pale Park Station, kwenye basi, atakuambia tena mpaka dereva apige honi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu siku ile uliyokuja gereji na habari zako.

Unaikumbuka. Nilikuwa naosha bunduki ya kupulizia rangi. Ukasimama mbele yangu, ukasema kiwanda cha magari kimekuchukua ukajifunze kazi ya rangi, wewe na wengine wachache kati ya wote walioomba. Nikasema, "Hongera." Nikakupa mkono, kama ninavyompa mkono mteja aliyekuja kuchukua gari lake. Ukaushika, ukaniangalia, ukaniuliza, "Baba, umefurahi for real, ama unavumilia tu?"

Nikakwambia, "Niletee thina ya kuoshea, iko nyuma ya kompresa."

Ukaniletea. Hukuuliza tena.

Nilikosa jibu kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na mimi kwa Kiingereza ni mtu mfupi. Kwa Kiingereza najua kutaja bei, kusema kesho, na kusema samahani mzee, rangi haijakauka. Cha moyoni lazima nikiseme kwa lugha niliyochapiwa nayo utotoni. Najua utaisoma hii polepole, kwa sauti, ukikwama hapa na pale. Ukikwama mpigie mama yako, ingawa atakufafanulia kwa Kiswahili chake cha kwao Kalemie na huenda ukapotea zaidi.

Jibu linaanzia kwenye gari la Mzee Pillay.

Ulikuwa darasa la sita. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimepata nafasi yangu mwenyewe, ule uchochoro wenye paa la mabati nyuma ya maduka ya Fordsburg, baada ya kupiga msasa magari ya watu kwenye gereji za watu kwa muda mrefu. Nilikuwa natembea kifua mbele. Nilijiona hakuna mpiga rangi kama mimi kutoka Tanga mpaka hapa Afrika Kusini. Ndipo akaja Mzee Pillay, mwalimu mstaafu, gari lake likiwa limepakiwa juu ya trela. Lilikuwa gari dogo la michezo la Kiingereza, la viti viwili, paa la turubai, la zamani kuliko ndoa yangu. Rangi yake njano ya kiini cha yai, imechakaa, imepauka kwenye boneti. Alitaka lipakwe upya liwe kama siku lilipotoka kiwandani.

Sasa, gari lile chini ya milango, ule ukingo unaotoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, lilikuwa jeusi. Na nyuma pia, lile bati linalokaa kati ya taa mbili, jeusi. Weusi mfu, usiong'aa, kama sufuria ya jiko la mkaa.

Kule Tanga nilikojifunzia kazi, weusi wa namna ile ulikuwa na maana moja. Mtu ana gari limeoza chini, kutu imelila mpaka ukitia kidole kinatokea ndani. Anataka aliuze kabla ya mvua. Anakuletea, unajaza pati, unajaza magazeti, ukibahatika unapata na kipande cha bati la mkebe, halafu unapiga nyeusi juu ili mnunuzi asione viraka. Nimezipiga nyingi, sitakuficha. Tulikuwa tunacheka tukizipiga. Kwa hiyo nilipouona ule weusi nikamhurumia mwalimu wa watu. Nikasema moyoni, huyu baba kauziwa mbuzi kwenye gunia miaka yote hii hajui.

Nikaamua nimfanyie wema bila kumwambia. Ningeukwangua weusi wote, ningeiziba kutu yake vizuri, kisha ningelipiga gari njano tupu, juu mpaka chini, liwake.

Nikaanza upande wa kushoto. Nikakwangua weusi, chini yake nikakuta praima, ile rangi ya msingi, imetandazwa sawasawa. Nikakwangua praima, nikakuta bati jeupe kama sinia la harusi. Nikasema labda kutu iko kulia. Nikaenda kulia. Safi. Nikaenda nyuma, kati ya taa. Safi. Zuhura, mtu mwenye akili angeweka msasa chini pale pale akajiuliza, ni nani huyo anayeficha bati zima? Mimi nilisema alhamdulillahi, kazi imepungua, nikaendelea.

Jumamosi likawa tayari. Lilikuwa linang'aa, ungeweza kuchania nywele kwenye mlango. Nikawapigia simu mje mwone. Mama yako alitoka kwenye cherehani yake na futi ya kupimia bado iko shingoni, wewe umevaa viatu vya shule. Nikavuta turubai nililolifunikia. Nilitegemea vigelegele.

Mama yako alilizunguka gari, akarudi alipoanzia.

"Baba Zuhura," akasema, "iyi motokari umeinonesha."

Nikacheka. "Gari halinenepi, mke wangu."

"Linanenepa. Angalia tumbo yake iyi. Zamani ilikuwa na kiuno. Ile nyeusi uliitosha kwa nini?"

"Nimeiondoa kwa sababu ilikuwa inaficha kutu."

"Uliiona kutu?"

Nikajifanya natafuta kitambaa.

"Njo vile," akasema. "Mwanamke wa tumbo kubwa akikuya kwangu, namuwekea kitambaa ya nyeusi huku pembeni na huku pembeni. Macho ya watu inapita katikati. Sifichi kitu. Nashona tu."

Nikageuka kwako kutafuta mtetezi. Ukasema linafanana na mkate wa kukata. Na kweli, tangu uliposema, sikuweza tena kuona gari. Niliona mkate.

Jumatatu alikuja Mzee Pillay mwenyewe. Alitembea kuzunguka gari mikono nyuma, kama anapita katikati ya madawati siku ya mtihani. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shomari, hili ni gari la nani?" Hakuwa anafanya mzaha wala hakuwa amekasirika. Alikuwa halitambui. Ningependa angenitukana, matusi nayajua pa kuyaweka. Nikamweleza kuhusu kutu na wema wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema alilinunua likiwa jipya kabisa, dukani, na lilikuja na ule weusi. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akiufuta kwa kitambaa Jumapili. Nikamuuliza sasa kwa nini Waingereza walipaka gari jipya kama sufuria. Akasema, "Sijui. Sijawahi kuuliza. Nilijua tu kwamba ndivyo lilivyo."

Nikalifanya upya, kwa gharama yangu, na safari hii nilipiga weusi kwa heshima. Lakini swali lilibaki linaniwasha. Mzee naye lilimwasha. Ndiyo maana alipolichukua gari lake alitualika Jumapili moja kule uwanjani ambako wenye magari ya zamani hukusanyika. Mama yako alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza, kwa hiyo tulikwenda wawili, mimi na wewe. Ulikuwa huna hamu hata kidogo. Ulinuna mpaka robot ya tatu, zile taa za barabarani.

Nataka uijue siku ile kama ninavyoijua mimi, kwa sababu wewe ulikuwa unaangalia magari na mimi nilikuwa nakuangalia wewe.

Magari yalikuwa yamepangwa kwenye majani, kijani, nyekundu, bluu, meupe ya maziwa. Nikaanza kuyaangalia kwa macho ya fundi cherehani. Na hapo, mwanangu, nikaona kila kitu. Yale ya zamani zaidi yalikuwa na rangi mbili, moja juu, moja chini, kwa sababu ubavu wa gari ulikuwa mrefu kama wa ng'ombe, na ukiukata kwa rangi mbili jicho haliuoni tena urefu wake. Bati lenyewe walilikunja ubavuni, mstari mmoja uliojitokeza kutoka mbele mpaka nyuma, na pale ndipo rangi mbili zilipokutana. Mpiga rangi alikuwa na mahali pa kubandikia tepu yake, kiungo kikapotea kwenye mkunjo. Nilikipapasa na kidole nikacheka peke yangu. Aliyechora gari lile alikuwa amemfikiria mtu wa kazi yangu.

Halafu yakaja yale kama la Mzee Pillay. Mwenye gari mmoja, mzee wa ndevu nyeupe, alinieleza, na nilipenda alivyonieleza. Alisema viwanda vile vya Waingereza vilikuwa vimeanza kuishiwa hela. Umbo la gari lilikuwa limeshazeeka, watu wamelizoea, na kutengeneza mitambo ya kukandamizia bati jipya kulihitaji hela ambayo hawakuwa nayo. Sasa wafanye nini? Wakachukua rangi nyeusi. Walipaka chini ya mlango, gari likaonekana jembamba na limelala karibu na barabara. Changarawe inayorushwa na gurudumu la mbele ikigonga pale haionyeshi alama. Wakapaka na nyuma, taa zikaonekana ziko mbali na mkia ukaonekana mpana. Bati ni lile lile la jana. Hawakuongeza hata msumari. Nilisikia kama ananisimulia habari za ndugu zangu, maana kufanya kitu kionekane kipya bila hela ya kukinunua kipya, hiyo kazi sisi tunaijua.

Wewe wakati huo ulikuwa umeniacha. Nilikukuta umechuchumaa kando ya gari la kijani, jicho moja umelifumba, unaangalia ule mstari mwembamba wa rangi ya krimu uliopita juu ya gurudumu, unaingia mlangoni, unatoka, unaishia karibu na taa ya nyuma. Mzee wa ndevu akakwambia mistari ile ilichorwa kwa mkono, kwa brashi ya nywele ndefu, na kwamba mafundi waliirithi kutoka kwa waliokuwa wakipaka magari ya kukokotwa na farasi. Kazi yake ni kulifanya jicho likimbie, gari lionekane refu hata likiwa limesimama. Ukamuuliza swali ambalo mimi sikulifikiria. Ukamuuliza, walifanyaje mkono usitetemeke? Akasema walitoa pumzi kwanza, kisha ndipo wakavuta.

Tangu siku ile umekuwa unatoa pumzi kabla ya kubandika tepu. Labda hujui kama unafanya hivyo. Mimi najua, nimekutazama miaka yote. Unajifuta kiganja kwenye ovaroli, unatoa pumzi, halafu unavuta.

Na lile gari la bluu, mwaka wako wa matriki, ule wa mwisho wa sekondari. Mteja alitaka mstari wa stika, ule wa kununua. Ukaniambia, "Baba, please, niache niupake." Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuwa mzito, nilikuwa sithubutu tena kushika brashi ya namna ile. Nikakuruhusu, nikijua thina ipo, ukiharibu tutafuta. Ukavuta kutoka taa ya mbele mpaka mkiani, bati kwa bati, pumzi kwa pumzi, bila tepu. Nilikaa kwenye ndoo nikakuangalia. Ulipomaliza nilisema nakwenda kununua maji. Uongo. Nilikwenda kusimama nyuma ya duka la vitambaa nikampigia simu kaka yangu Tanga nikamwambia, "Zuhura kachora mstari." Akasema, "Mstari gani?" Nikashindwa kumweleza. Nikamwambia mstari, bwana, mstari! Akaniuliza kama niko salama.

Hivyo ndivyo nilivyofurahi. Kisha nikarudi, nikakwambia, "Haya, kasome. Mtihani wa hesabu uko karibu."

Hapo ndipo penye kosa langu, na unalijua vizuri kuliko mimi. Uliposema unataka kazi ya rangi, mimi nilisikia jingine. Nilisikia msichana anayeogopa masomo anayetafuta pa kujificha. Nikakwambia uhasibu, uhasibu, uhasibu. Nikakwambia vumbi, mapafu, wanaume wa gereji na midomo yao. Hayo yote ni kweli, na barakoa yako uivae hata kama wengine hawavai. Lakini sikuwa nayasema kwa ajili ya mapafu yako. Nilikwenda mpaka shuleni kwenu kumwona mwalimu wa hesabu, hilo hukuambiwa. Nilivaa ile suti ya Idi. Nikamuuliza, niambie ukweli, mtoto wangu anaficha nini? Mwalimu akafungua kompyuta yake, akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Baba, huyu anafaulu. Sijui unatafuta nini."

Bati safi, Zuhura. Mara ya pili maishani nimewekewa bati safi mbele ya macho. Na mara ya pili nikaendelea kukwangua. Nilikupeleka chuo cha uhasibu, ukakaa mwaka mzima, ukafaulu, ukarudi nyumbani kila jioni na uso kama nguo iliyosahauliwa kwenye maji. Mama yako aliniambia, "Mtoto anakwisha." Nikamwambia atazoea.

Nikwambie kwa nini nilikuwa mkaidi vile. Watu wa Tanga mpaka leo wanajua nina kampuni ya magari Afrika Kusini. Nilisema hivyo simu ya kwanza, basi ikabaki. Nilikuwa nanawa mikono kwa thina kabla ya kupigwa picha. Kazi iliyokulisha wewe na kukuvalisha niliionea haya, nikafikiri ukikaa ofisini na wewe utanisaidia kuifuta. Halafu mtoto wangu mwenyewe, aliyefaulu hesabu, mwenye milango mingine iliyo wazi, anakuja kuniambia anaitaka kazi ile ile. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Ni kama mtu amekukuta umejificha unakula kwa mikono, kumbe anaomba akae mle pamoja.

Na liko jingine la namna hiyo hiyo. Zile siku za fujo, watu wa nje walipokuwa wanafukuzwa mitaani, nilikukataza kusema Kiswahili kwenye teksi. Ulikuwa mdogo sana. Nilikushika taya nikakwambia, ukitoka mlangoni ni Kiingereza au Kizulu. Nilifanya hivyo kwa hofu, na kwa siku zile pengine nilifanya sawa. Lakini fujo zilipita na mimi sikukumbuka kukuondolea amri. Ukaileta mpaka ndani ya nyumba. Sasa nakuuliza kwa lugha yangu unanijibu kwa yao, na tunaelewana, sikatai, ila huwa nasikia pengo pale ambapo sauti yako ingekaa. Ndiyo maana barua hii nimeiandika hivi. Nakuondolea amri leo. Sema utakavyo, popote, hata kama ni kwa lafudhi ya mtaa wetu wa Bellevue.

Huko uendako nawe utakosea, tena mbele ya watu, na rangi haina siri, ikiharibika inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Utaifuta na utaanza tena. Hilo sikuogopei. Mkono wako naujua. Ninachotamani ni usiwe kama mimi kwenye jambo hili moja. Ukikuta kitu kimepakwa namna usiyoielewa, gari au mtu, muulize kwanza. Mimi ningemuuliza Mzee Pillay swali moja tu kabla ya kushika msasa ningeokoa wiki mbili. Ningekuuliza wewe swali moja, ningeokoa mwaka wako.

Juzi mama yako ndiye aliyenionyesha kwenye simu ile picha ya mtihani wenu wa vitendo wa kuingilia kiwandani, kipande cha bati ulichopaka, juu njano, chini nyeusi isiyong'aa, na katikati mstari wako. Anasema waliwaachia mchague wenyewe mtapaka nini. Katika rangi zote za dunia hii ukachagua gari la Mzee Pillay. Nilimnyang'anya simu. Nimeipeleka picha ile kwa kila mtu ninayemjua pale Fordsburg, kwa muuza viungo, kwa kinyozi, kwa imamu. Muuza viungo aliiangalia akasema ni nzuri, halafu akauliza ni nini. Safari hii nilimweleza. Nilimweleza mpaka wateja wake wakaanza kukohoa. Nikamwambia, huyo ni mwanangu, mpiga rangi, kama baba yake.

Kisha nikampigia kaka yangu. Nimemwambia hakuna kampuni. Nimemwambia napaka magari kwenye uchochoro, na binti yangu anakwenda kupaka magari kiwandani, na mkono wake umeupita wangu zamani. Akasema, "Ndiyo ule mstari?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo ule mstari.

Basi jibu lako hili hapa. Nimefurahi. Nimefurahi mpaka nalala vibaya. Sijavumilia kitu. Niliyekuwa nikimvumilia ni mimi mwenyewe, na huyo nimechoka naye.

Wanafunga begi sasa, nasikia zipu inalia. Blanketi limeingia, kama nilivyosema.

Kesho ukiamka utakuta sanduku la chuma mlangoni. Ni lile langu la vifaa, nililokuja nalo kutoka nyumbani, lenye mpini uliopinda. Nimeliacha bila kuficha kuzeeka kwake, lakini nimelipaka. Juu ni njano ya kiini cha yai, ile iliyobaki ya Mzee Pillay niliyokuwa nimeitunza. Mstari nimeuchora kwa mkono, nikitoa pumzi kama ulivyofundishwa na yule mzee wa ndevu. Usiuangalie sana kwenye kona ya kushoto. Chini nimepiga nyeusi mfu.

Kabla ya kupaka nililipiga msasa lote mpaka bati likawa tupu. Nililipapasa kila mahali. Halina kutu hata chembe.

Huko kiwandani atatokea mtu, fundi wa namna ya baba yako, atauona ule weusi chini na kucheka, na kusema mzee wako alikuwa anaficha kitu. Mpe msasa. Mwambie akwangue.

Baba yako, anayekusikia ukicheka sebuleni wakati anamaliza mstari huu,
Shomari